Mfanyakazi Wako Anafanya Kazi Vizuri? Jinsi ya Kupima Kazi Kabla Shoti Haijawagombanisha

Umefungua duka la pesa. Miezi ya kwanza ulikuwa wewe mwenyewe kwenye kaunta, asubuhi hadi usiku. Biashara ikachangamka, ukafungua duka la pili, au ukapata shughuli nyingine, na sasa kuna mtu umemwachia simu ya kazi, droo na funguo. Hongera, wewe ni mwajiri. Sasa tukuulize swali moja: mtu huyo anafanya kazi vizuri?

Wengi hujibu kwa hisia. "Ni kijana mzuri." "Siku hizi amelegea." "Simwelewi kabisa." Halafu inafika jioni moja hesabu inakataa, kuna shoti ya elfu tatu, na maneno yote ambayo hayakusemwa kwa miezi minne yanatoka kwa dakika tano. Mfanyakazi anaenda nyumbani na nusu mshahara, au harudi tena. Wewe unatafuta mwingine, unaanza kumfunza upya, na kabla mwaka haujaisha mko palepale.

Kampuni kubwa zina jina la kazi ya kuzuia mambo haya: usimamizi wa utendakazi. Zina idara nzima ya kuishughulikia. Wewe huna idara, una daftari na simu. Habari njema ni kwamba hivyo viwili vinatosha, bora mkubaliane mapema ni nini kitapimwa. Leo tunapitia jinsi ya kufanya hivyo, na tutatumia duka la pesa kama mfano kwa sababu hesabu zake ni rahisi kuona. Mwenye saluni, hoteli au duka la rejareja pia asiende mbali, tutamfikia.

Usimamizi wa utendakazi ni nini hasa?

Ukiondoa maneno makubwa, una hatua nne. Mnakubaliana kazi ni ipi na itapimwa vipi. Mnaandika kinachotokea siku kwa siku. Mnaketi mara kwa mara kuangalia mlichoandika. Kisha mnachukua hatua: kupongeza, kufunza, kurekebisha, au ikibidi, kuachana. Halafu mnaanza tena.

Si jambo geni hapa kwetu. Serikali ya Kenya ilianza kutumia mikataba ya utendakazi mwaka 2004, ambapo taasisi ya umma hutia saini malengo yake ya mwaka na baadaye kupimwa kwa malengo hayohayo. Kampuni nyingi za binafsi nazo zina fomu zao, alama zao na vikao vyao.

Lakini kwenye ofisi nyingi kubwa kuna lalamiko moja ambalo wafanyakazi hulirudia: kikao ni cha mara moja kwa mwaka. Mtu anaambiwa Desemba kuhusu kosa la Februari, wakati hata yeye ameshasahau. Hapo duka dogo lina bahati. Wewe unaonana na mfanyakazi wako au unaongea naye kwa simu karibu kila siku. Ukiitumia nafasi hiyo vizuri, utamshinda meneja mwenye fomu ya kurasa kumi.

Pima kilicho mikononi mwake

Mwenye duka akiulizwa anampimaje mhudumu wake, jibu la haraka huwa "kwa kamisheni". Ikipanda, mhudumu ni hodari. Ikishuka, ni mvivu. Inaonekana ni sawa, lakini fikiria mwisho wa mwezi.

Mishahara imeingia. Watu wanataka kutoa pesa, na kutoa kunahitaji noti kwenye droo. Wewe umemwachia elfu tano. Saa nne asubuhi zimekwisha, na wateja kumi wanaofuata wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Jioni unaona kamisheni ni ndogo. Je, hiyo ni kazi mbaya ya nani?

Kamisheni inategemea mahali duka lilipo, msimu, mtaji uliowekwa, mtandao, na jirani aliyefungua wiki jana. Mengi ya hayo hayako mikononi mwa mhudumu. Ukimpima kwayo, utampongeza asipostahili na kumkemea asipokosea, na baada ya muda ataacha kujali sifa na lawama zako zote mbili.

Chagua mambo anayoweza kuyafanya vizuri hata siku ambayo biashara iko chini. Kwa duka la pesa, matano yanatosha:

- Saa. Anafungua na kufunga kwa wakati mliokubaliana. Taarifa ya miamala inaonyesha saa ya muamala wa kwanza na wa mwisho, kwa hivyo hamhitaji kubishana.
- Hesabu ya jioni. Droo na floti vinalingana na mtaji. Tutaeleza hesabu yenyewe hapa chini.
- Utaratibu. Anaangalia kitambulisho, anajaza daftari, na anasubiri ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu ya kazi kabla ya kutoa noti. Anachoamini ni ujumbe ulio kwenye simu yake, si ule anaoonyeshwa na mteja.
- Taarifa ya mapema. Floti au noti zikishuka chini ya kiwango mlichopanga, anakupigia kabla hazijaisha.
- Wateja waliorudishwa. Kila anayeondoka bila kuhudumiwa anaandikwa, pamoja na sababu: hakuna floti, hakuna noti, mtandao, kitambulisho.

Hilo la mwisho linakupima na wewe pia. Mwezi ukiisha na daftari likionyesha watu thelathini walirudishwa kwa kukosa noti, hiyo ni kazi yako ya kurekebisha. Mhudumu alitimiza yake alipoandika.

Epuka vipimo kama "awe na bidii" au "awe mchangamfu". Vinasikika vizuri, lakini kila mtu ana maana yake. Vigeuze viwe kitu kinachoonekana. Badala ya "awe makini", andika: "amsomee mteja kiasi na jina kabla ya kukamilisha muamala". Hapo mtu yeyote akisimama kando ya kaunta ataona kama limefanyika au halijafanyika.

Hesabu ya jioni, hatua kwa hatua

Kanuni ya duka la pesa ni moja: noti zilizo kwenye droo, ukijumlisha na floti iliyo kwenye simu, lazima ziwe sawa na mtaji. Muamala hubadilisha pesa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, lakini jumla haisogei.

Tuseme mtaji ni shilingi 100,000.

- Asubuhi: droo 40,000, floti 60,000. Jumla 100,000.
- Mteja anaweka 5,000: droo 45,000, floti 55,000. Jumla 100,000.
- Mteja mwingine anatoa 8,000: droo 37,000, floti 63,000. Jumla 100,000.
- Jioni mnahesabu: droo 31,500, floti 67,000. Jumla 98,500.

Kuna shoti ya 1,500. Ikiwa kamisheni yako huingia moja kwa moja kwenye floti, itoe kwanza kwenye hesabu, la sivyo itaficha shoti nyingine.

Sasa kabla hujapandisha sauti, pitieni haya pamoja:

1. Je, mwenye duka alichukua pesa? Ulipita mchana, ukachota mia tano ya mafuta na elfu moja ya fundi, ukasema "utaandika". Hiyo ni 1,500 kamili. Sheria ya droo iwe moja kwa kila mtu: hakuna pesa inayotoka bila kuandikwa, hata yako.
2. Kuna kiasi kilichoingizwa vibaya? Mteja alitoa noti za 1,500 kuweka, kidole kikaandika 3,000. Linganisheni daftari na taarifa ya miamala, mstari kwa mstari.
3. Kuna aliyepewa noti kabla muamala haujathibitishwa? Ukipata noti zimetoka na hakuna muamala, jua ni hapo.
4. Droo imeshikwa na watu wangapi? Kama wawili wamebadilishana zamu bila kuhesabu, hutajua kamwe shoti ni ya nani. Kila mabadiliko ya zamu yahesabiwe na wote wawili watie sahihi.

Ukipata sababu, iandike. Usipoipata, andika hivyo pia: tarehe, kiasi, saa iligunduliwa, sababu haijajulikana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa duka la pesa msemo huo ni kweli kila siku ya wiki.

Shoti moja ya shilingi mia mbili kwa mwezi haikuambii mengi kuhusu mtu. Shoti tatu kwa wiki, zote jioni, zinakuambia kitu. Ukitaka kujua zaidi, ongeza hesabu ya mchana. Ikiwa saa saba kila kitu kiko sawa na saa mbili usiku kimeharibika, umeshapunguza eneo la kutafuta kwa nusu.

Dakika kumi na tano kila wiki

Hapa ndipo kazi kubwa iko, na ndipo wengi hukwepa. Kuongea na mfanyakazi kuhusu kazi yake kunaonekana kama ugomvi, kwa hivyo tunangoja mpaka uwe ugomvi kweli.

Panga siku moja isiyobadilika, tuseme Jumatatu kabla ya kufungua. Fungueni daftari pamoja. Anza na kilichoenda vizuri, na ukitaje kwa tarehe. Kisha taja jambo moja linalosumbua, ukitumia kilichoandikwa. Baada ya hapo uliza, na unyamaze usikie.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Wiki jana ulifungua saa moja kila siku, na Alhamisi ulinipigia floti ilipofika elfu kumi. Hiyo ilitusaidia, asante. Lakini kuna shoti tatu, zote baada ya saa kumi na moja jioni. Wewe unaona ni nini?

— Mama, saa hiyo matatu zinashusha watu kwa pamoja. Mmoja anatoa pesa, mwingine anataka mkate, mwingine unga, na droo ni moja. Nahesabu haraka nisiwachoshe.

— Kwa hivyo pesa ya mkate na pesa ya wateja zinaingia mahali pamoja?

— Ndiyo, Mama. Usiku ndipo najaribu kuzitenganisha.

— Basi tuweke kopo lingine la vitu vya duka, na kuanzia leo chenji ya mkate isitoke kwenye droo. Na foleni ikiwa ndefu, mteja asubiri uhesabu mara mbili. Tujaribu wiki mbili tuone.

Ona kilichotokea hapo. Kama mama huyu angeanza na "unaniibia", asingejua habari ya droo moja. Angemfukuza kijana, na anayefuata angepata shoti zilezile saa ileile, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye kaunta.

Lakini tuseme wiki mbili zimepita, kopo lipo, na shoti bado zinaendelea. Sasa swali limebadilika. Umeondoa sababu moja na una maandishi ya kuonyesha. Mazungumzo ya pili yatakuwa magumu zaidi, na yatakuwa ya haki.

Mkimaliza, andikeni sentensi mbili: mlichokubaliana na lini mtaangalia tena. Mtie sahihi wote wawili. Kama mnaongea kwa simu kwa sababu uko mbali, mtumie ujumbe wenye sentensi hizo na umwombe ajibu kwamba ameuona.

Kama duka lako si la pesa

Kanuni ni ileile: tafuta vitu viwili vinavyopaswa kulingana, kisha uviangalie kila siku.

Kwenye duka la rejareja, mauzo yaliyoandikwa yalingane na noti zilizo kwenye droo, ukijumlisha na malipo yaliyoingia kwenye till. Kwenye saluni au kinyozi, idadi ya wateja walioandikwa ilingane na malipo. Kwenye hoteli, sahani zilizotoka jikoni zilingane na zilizolipiwa.

Kuna jambo moja la kusema wazi siku ya kwanza kabisa: malipo yote ya simu yaingie kwenye till ya biashara, na namba yake ibandikwe mahali mteja anaiona. Mteja akianza kuambiwa "tuma tu kwa namba yangu, till iko na shida", hata kama ni kweli siku hiyo, huna tena namna ya kupima kazi. Till ikisumbua kweli, mfanyakazi akujulishe saa hiyohiyo.

Halafu kuna vitu ambavyo pesa haionyeshi. Kwa saluni, hesabu wateja wanaorudi kwa msusi yuleyule. Kwa hoteli, hesabu chakula kilichorudishwa. Chagua viwili au vitatu tu. Ukipima vitu kumi na tano, daftari litaachwa wiki ya pili.

Anayefanya vizuri apate nini?

Usimamizi wa utendakazi ukiwa wa kutafuta makosa peke yake, mfanyakazi atajifunza kuyaficha. Kwa hivyo panga zawadi, na uipange kwa akili.

Hatari iko hapa: watu hufanya kile unacholipia. Ukilipa bonasi kwa idadi ya miamala, utapata miamala mingi. Mteja anayeweka elfu kumi atagawanyiwa mara nne, jambo ambalo mawakala hawaruhusiwi kufanya, na kitambulisho hakitaangaliwa kwa sababu kinachelewesha. Bonasi yako itakuwa imenunua tatizo.

Lipia yale matano tuliyotaja. Kwa mfano, mwezi ambao hesabu ya jioni ililingana kila siku na utaratibu ukafuatwa, kuna kiasi fulani juu ya mshahara. Kiasi kidogo kinachojulikana mapema na kinacholipwa kwa tarehe kina nguvu kuliko ahadi ya "tutaangalia Krismasi".

Na mshahara wenyewe ulipwe siku mliyokubaliana. Ukiutuma kwa simu, una tarehe na kiasi ambavyo hakuna anayeweza kubishania. Mwajiri anayechelewesha mshahara kwa siku kumi hana mdomo wa kuongelea dakika kumi za kuchelewa kufungua.

Je, unaweza kukata shoti kwenye mshahara?

Hili ndilo swali linaloulizwa sana, na jibu liko kwenye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19.

Sheria inaruhusu mwajiri kukata kiasi sawa na pesa zilizopungua, lakini kwa masharti. Upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi huyo. Na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Kama hujawahi kuandika hivyo popote, au kama sababu ya shoti ni wewe uliyechota ya mafuta, huna msingi wa kukata.

Hata ukiwa na haki ya kukata, jumla ya makato yote kwa mara moja isizidi theluthi mbili za mshahara. Mtu hawezi kufanya kazi mwezi mzima aondoke mikono mitupu. Mpe maandishi yanayoonyesha mshahara ulikuwa ngapi, umekata ngapi na kwa sababu gani.

Na mkataba uwepo. Sheria hiyohiyo inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na anayepaswa kuuandaa ni mwajiri. Ukurasa mmoja unatosha: kazi, saa, mshahara, siku ya kulipwa, jukumu la pesa, na yale mambo matano. Usijidanganye kwamba "huyu ni kibarua tu". Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria inaweza kumhesabu kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi.

Ikishindikana kabisa

Wakati mwingine umefunza, umeongea, umebadilisha kaunta, na kazi bado haiendi. Kuachana kunaruhusiwa. Namna ya kuachana ndiyo inayoleta kesi.

Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utendakazi duni au utovu wa nidhamu, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, awepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua yeye mwenyewe, na usikilize utetezi wao kabla ya kuamua. Uamuzi unakuja baada ya kusikiliza. Hata aliye katika kipindi cha majaribio, msikilize.

Kesi ikifika kwenye Mahakama ya Ajira na Leba, mzigo wa kuthibitisha sababu ni wako. Mahakama imeeleza mara kadhaa kwamba mwajiri anayedai kazi ilikuwa mbaya aonyeshe alikuwa na njia ya kupima kazi na kwamba mfanyakazi alipewa nafasi ya kujirekebisha. Ukishindwa, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Kwa duka dogo, huo ni mtaji mzima.

Sasa angalia kile ambacho tayari unacho ukifuata haya: ukurasa wa makubaliano, daftari la kila siku, na sentensi mbili za kila wiki zenye sahihi mbili. Ongeza barua mbili. Ya kwanza inataja tatizo, inachotakiwa kubadilika, msaada utakaompa, na muda, tuseme wiki nne hadi nane. Ya pili, kama hakuna mabadiliko, inamwalika kwenye kikao cha kujitetea. Mkiachana, anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 kwa maandishi au malipo badala yake, isipokuwa mkataba una muda mrefu zaidi. Mpe pia cheti cha utumishi kinachoonyesha alifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini.

Na wewe uliye nyuma ya kaunta?

Wasomaji wetu wengi ndio wale walioachiwa droo. Mambo haya yote yanakulinda wewe pia, tena pengine zaidi.

Usipokee droo bila kuihesabu mbele ya anayekukabidhi, na mtie sahihi. Nambari ya siri ya simu ya kazi iwe kwa wanaoruhusiwa tu. Ikijulikana na mtaa mzima, shoti itakuwa yako na aliyeisababisha hutamjua. Mwenye duka akichota pesa, mwambie kwa heshima, "Boss, naomba tuandike hapa." Ukigundua shoti, sema siku hiyohiyo. Shoti iliyotajwa jioni ni kosa la hesabu, lakini iliyogunduliwa na mwenye duka baada ya wiki inafanana na wizi hata kama si wizi.

Na kama hakuna aliyekuambia unapimwa kwa nini, uliza. "Ningependa kujua, kwako kazi nzuri ni ipi?" Ni swali la adabu, na linaweza kuokoa kazi yako.

Anza na ukurasa mmoja

Wiki hii chukua karatasi, keti na mfanyakazi wako, na mjaze mistari hii:

- Kazi yako ni: ______
- Saa za kufungua na kufunga: ______
- Mtaji unaokabidhiwa: ______
- Piga simu floti ikifika: ______ na noti zikifika: ______
- Tutaangalia mambo haya (yasizidi matano): ______
- Tutaongea kila siku ya: ______
- Ukifanya vizuri mwezi mzima utapata: ______
- Sahihi ya mwajiri: ______ Sahihi ya mfanyakazi: ______

Kila mmoja abaki na nakala, hata kama ni picha kwenye simu. Kisha leo jioni hesabuni droo na floti pamoja, mwandike jumla, na mfunge duka.